Sarafu za Baba na Mikono Yangu

Majina sitayataja. Mwenye jina ana watoto, na watoto hawana kosa. Lakini kazi zao nitazitaja, na kila mmoja akifika kwenye mstari wake atajijua. Wa kwanza ni mudiri wa kampuni yetu ya usafi, aliyetukalisha miezi minne bila mshahara huku yeye akibadilisha gari. Wa pili ni msimamizi wetu wa zamu, yule mwenye tochi. Wa tatu ni mdogo wangu wa kiume, tuliyenyonya ziwa moja. Wa nne ni dereva wa Kikenya aliyenifanyia udalali. Wa tano nitamtaja mwisho. Hana haraka huyo, hana pa kukimbilia.

Nilikuja Doha na miaka arobaini na mbili, mjane, na cheti changu cha darasa la saba ndani ya bahasha ya plastiki. Cheti hakuna aliyekiuliza. Waliniuliza kama naweza kusimama saa kumi, nikasema naweza, wakanipeleka West Bay kwenye jengo moja refu la ofisi. Wenzangu walideki. Mimi nilipewa kung'arisha: milango ya lifti, vishikio vya shaba vya ngazi, mabomba ya vyoo vya wakubwa, na birika kubwa la kahawa lililowekwa mapambo pale mapokezi, ambalo halijawahi kuona kahawa.

Msimamizi alikuwa anapita saa nne na saa tisa. Anainama pembeni, anamulika tochi yake ndogo, anatafuta alama ya kidole. Akiiona moja, nusu siku imekatwa. Kiswahili alichojifunza kwetu kilikuwa maneno manne tu: haraka, bado, chafu, rudia. "Mama, bado. Chafu. Rudia." Miaka saba nimeambiwa rudia. Ikafika mahali hata nikienda dukani nikipewa chenji naisugua kwenye nguo kabla sijaiweka mfukoni, bila kujua kama nasugua. Naomba mlikumbuke hili, maana huko mbele mtalihitaji.

Mwaka ule kazi zilipopungua mjini, mshahara ukaanza kuchelewa. Wiki moja, mwezi mmoja, miezi miwili. Ukienda ofisini kwao Industrial Area, mudiri anakukaribisha vizuri sana, anakupa na maji ya chupa, anakwambia bukra. Kesho. Ukija kesho, bukra nyingine. Mwezi wa nne basi la kampuni halikuja tena kutuchukua. Tukabaki kwenye nyumba ya wanawake, sita chumba kimoja, tunakula dengu na mchele wa kukopa bakala, duka la pembeni, na vitambulisho vyetu vya ukaazi vimekwisha muda, hata kutoka nje unatoka kwa kuangalia kushoto na kulia.

Hapo ndipo mdogo wangu aliponipigia.

"Dada, mzee haoni tena."

"Haoni vipi? Si ulisema jicho moja linaona kidogo?"

"Kidogo kimeisha. Jana kajimwagia chai ya moto mguuni. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, yote mawili. Inatolewa, si ugonjwa wa kufa. Ila madaktari wenyewe wanatoka mbali, wanakuja hapa Tabora wiki moja tu. Mwisho wa kulipia ni Jumatatu ya wiki ya tatu kutoka leo. Wakishaondoka, mpaka Mungu apende."

"Mimi mwezi wa nne huu sijalipwa."

"Sasa dada, sisi tufanyeje? Wewe ndiye uko Uarabuni."

Neno hilo, wewe ndiye uko Uarabuni, nimelimeza miaka saba na halijawahi kushuka vizuri. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayesogeza kiti karibu, "Kuna lile kopo."

Lazima niwaeleze kopo.

Baba yangu aliuza kahawa stesheni ya Tabora tangu hajaoa mpaka mimi nilipokuwa na watoto wangu. Treni ya Kigoma ikiingia, ya Mwanza ikiingia, anapita chini ya madirisha na birika lake na vikombe, anavigonganisha. Abiria wengine hawakuwa na chenji. Badala yake walikuwa na sarafu za zamani, zilizolala kwenye sanduku la bibi yao: pesa za Sultani wa Unguja zenye mizani, rupia za Mjerumani zenye kichwa cha mzungu mwenye kofia ya ndege, senti kumi za Mwingereza zenye tundu katikati. Hazinunui hata kiberiti. Baba alizipokea. Kikombe kimoja, sarafu moja. Mama alikuwa akimwambia, "Unagawa kahawa kwa vyuma!" na baba anajibu, "Wengine wanakopa hawalipi, hawa wamelipa." Kila sarafu aliifunga kwenye karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, akaitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Zilifika thelathini na nne.

Iliyokuwa moyo wake ilikuwa ile ya shaba. Ilitengenezwa kwetu, Tabora, wakati wa vita ya Mjerumani, pesa zilipowaishia wakayeyusha maganda ya risasi. Ina taji juu, na chini yake ina herufi T. Alipewa na mzee mmoja aliyekuwa anasafiri kwenda kumzika dada yake, akanywa vikombe viwili. Ilikuwa nyeusi kama buni iliyoungua. Baba alikuwa anatuwekea kiganjani anasema, "Shika. Hii T ndiyo sisi."

Na jambo jingine. Birika lake la kahawa baba alilisugua kila alfajiri kwa mchanga na ndimu, mpaka unaona meno yako. Lakini sarafu hakuzigusa kwa maji hata siku moja. Mama aliwahi kutaka kuzisugua kwa majivu, baba akampokonya kopo mkononi, wakanuniana siku mbili. Nilikuwepo, nilikuwa mkubwa wa kutosha kuelewa. Sikuelewa. Nilidhani ni ubishi wa mwanaume kwa mkewe.

"Kopo la mzee haliguswi," nikamwambia mdogo wangu.

"Haoni."

"Haoni, anashika. Si ulinambia kila jioni analifungua?"

"Anazipapasa, ndiyo. Nimeshafikiria hilo. Badala ya za tundu nitaweka washa za baiskeli, nazo zina tundu. Zile kubwa nitaweka shilingi za siku hizi. Nazifunga kwenye karatasi za sigara kama zile. Dada, ni kwa ajili ya macho yake mwenyewe! Akishaona tutamwambia tu, atacheka."

Nilipaswa kukata simu. Nikasema, "Zitume."

Zilikuja na mwanamke mwenzetu aliyekuwa amekwenda likizo, ndani ya mfuko wa karanga. Nilizimwaga kitandani, nikapepeta karanga, nikahesabu ishirini na tisa. Nikarudia. Ishirini na tisa. Rupia tano za fedha hazimo.

"Zilikuwa hizohizo," mdogo wangu akasema kwenye simu. "Mzee mwenyewe alikuwa anahesabu vibaya."

Baba yangu, aliyekuwa anajua vikombe alivyouza behewa kwa behewa! Baadaye sana nilikuja kujua rupia tano zilikwenda kwa sonara. Zimekuwa heleni za mwanamke ambaye hata si mke wake. Lakini siku ile nilikuwa na wiki moja na siku nne mpaka ile Jumatatu. Sikuwa na nafasi ya kugombana.

Dereva wa Kikenya nilimjua kwa sababu aliwahi kutuendesha kwenye basi la kampuni, kabla hajapata kazi ya gari dogo. Alikuwa anauza simu na viatu vya watu mtandaoni, anakula cha juu. Alikuja nje ya geti letu, nikazitandaza kwenye kiti cha gari lake juu ya kanga.

"Mathee, hizi umetoa wapi? Hii ni mali ya kitambo! Ngoja uone, kuna wazee hapa Doha wanalipia vitu kama hizi hadi unashangaa."

"Uziuze zote pamoja. Kabla ya Jumatatu, si hii inayokuja, ile ya pili."

"Relax. Mimi napiga picha, naweka, wewe unakunywa chai."

Akapiga picha pale pale, moja moja, mbele na nyuma, zikiwa vilevile na weusi wake. Tangazo likaandikwa kwa Kiingereza. Mimi Kiingereza changu ni cha kusoma "Push" na "Pull" mlangoni, kwa hiyo ujumbe wote ulikuwa unaingia kwenye simu yake.

Siku tatu kimya. Siku ya nne mtu akauliza kama ni dhahabu, akaambiwa si dhahabu, akapotea. Siku ya tano mwingine akatoa bei ya kutukana. Mimi nilikuwa nakaa juu ya kitanda changu cha juu, naangalia simu kama mtu anayelinda sufuria ya maziwa. Mdogo wangu kila jioni: "Vipi?" Na nyuma yake, kwa mbali, nasikia kopo linafunguliwa na sauti ya baba inauliza, "Nani huyo unaongea naye?"

Jumatano dereva akapiga, anapiga kelele.

"Mathee! Kuna mzee ameziona. Mtu wa kukusanya, expert kabisa. Anataka zote. Riyali elfu mbili na mia mbili!"

Macho yote mawili yalikuwa yanatoshea humo, na nauli ya kumpeleka hospitali, na kilo kumi za mchele wetu hapa.

"Amesema lini?"

"Ijumaa, baada ya alasiri, kwenye mkahawa fulani karibu na stesheni ya metro Msheireb. Nitakupeleka mwenyewe. Na usisahau chai yangu."

"Hakusema kingine?"

"Amesema mambo mingi tu, mathee, wazee wanapenda kuandika. Bei ndio hiyo. Wewe kuja na mali."

Shikeni hapo. "Mambo mingi tu."

Ijumaa asubuhi wenzangu walikuwa wanafua, wengine wamelala. Nilizitandaza sarafu kwenye taulo sakafuni. Nikaziangalia kwa jicho la mtu anayekwenda kununua. Kwetu hata kuku wa kuuza unampangusa miguu. Hata embe unalipangusa kabla hujalipanga kwenye fungu. Mtu anatoa elfu mbili na mia mbili, na mimi nimpelekee vyuma vyeusi kama vilivyookotwa kwenye jivu? Nikasikia kichwani mwangu sauti ya msimamizi, wazi kabisa, kama amesimama nyuma yangu na tochi yake. Mama, chafu. Rudia.

Nilikuwa na chupa ya dawa ya kung'arishia shaba niliyobaki nayo kutoka kazini, na kitambaa laini, na kijiti cha meno cha kuingilia kwenye vipembe. Nilianza na senti za tundu. Ziling'aa haraka. Nikaenda kwenye pesa za Sultani. Nikaenda kwenye rupia. Wakati nasugua nilikuwa nasikia raha ambayo sijaisikia miezi minne, raha ya mtu anayeifanya kazi anayoijua. Mwenzangu wa kitanda cha chini, mtu wa Unguja, akanyanyua kichwa.

"Shoga, hizo ukizisugua sana litatoka jini."

"Likitoka nalituma kwa mudiri."

"Litume, na mimi nina salamu zangu." Akazichukua mbili, akazigeuza. "Mashallah. Zimekuwa kama jana."

Ile ya T niliiweka ya mwisho. Weusi wake ulikuwa mgumu, umeng'ang'ania. Niliisugua karibu nusu saa. Ilipokubali, ilitoa rangi ya njano iliyokolea, taji limesimama, T imesimama, unaweza kujipaka wanja kwa kuiangalia. Nikasema moyoni, baba akiiona hii. Kweli nilisema hivyo.

Zile karatasi za sigara nilizikunja nikazitupa. Zilikuwa zimechakaa.

Mkahawa ulikuwa mzuri kuliko nguo zangu. Dereva alibaki kwenye gari kwa sababu hakuna pa kuegesha. Akaniambia mzee ana kanzu nyeupe na miwani na yuko peke yake. Nilimwona. Nilipomsalimia kwa Kiarabu changu cha kuungaunga, akacheka, akajibu kwa Kiswahili safi kuliko changu.

"Karibu, bibi, kaa. Mimi mama yangu kazaliwa Unguja. Dereva wako hakunambia kama muuzaji ni mtu wa kwetu. Utakunywa nini?"

Nilisema maji. Mkono wangu ulikuwa chini ya meza umekamata mfuko. Alikuwa na kikuzio kidogo cha jicho, na glavu nyeupe, na kitambaa cheusi alichokitandaza mezani kama mtu anayetandika mswala. Akanieleza kwamba rupia anazo, pesa za Sultani anazo, lakini ile ya Tabora yenye weusi wake wote ameitafuta miaka. "Nilipoiona kwenye picha, bibi, usingizi sikuupata."

Nikazimwaga juu ya kitambaa chake.

Zikatawanyika, zote zinameta. Taa ya juu ya meza ikaingia kwenye kila moja.

Hakuzigusa. Mkono wake wenye glavu ulibaki hewani. Akaniangalia, akaziangalia, akaniangalia tena. Kwa muda nilidhani amependezwa mpaka amekosa neno.

"Nani kazikosha hizi?"

"Mimi, mzee."

"Lini?"

"Leo asubuhi."

Akavua miwani, akaiweka mezani. "Kwa nini, bibi? Kwa nini?"

"Zilikuwa chafu."

"Niliandika." Akatoa simu yake, akanigeuzia. "Tazama. Nilimwandikia yule mtu wako mara mbili. Asizioshe, asizisugue, asizipanguse, azilete kama zilivyo. Hii hapa. Na hii hapa."

Nilitazama. Herufi niliziona zote. Sikuweza kuzisoma, lakini niliweza kuona kwamba ni mistari mirefu, na kwamba bei ilikuwa mwisho kabisa.

"Ule weusi ndio mali yenyewe," akasema, polepole, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira. "Miaka mia imeshika pale. Ukiutoa haurudi. Umekwangua na uso wake, ona hapa, ona mistari. Sasa hizi ni vyuma tu."

Nikafikiria baba akimpokonya mama kopo.

"Mzee," nikasema, "hizi ni macho ya baba yangu. Jumatatu hii ni mwisho wa kulipa. Ni mtoto wa jicho. Ukinunua, anaona. Usiponunua, haoni. Sina namna nyingine ya kukwambia."

"Usinambie hivyo, bibi."

"Ndivyo ilivyo."

Mezani kwa jirani watu walikuwa wanacheka. Mhudumu akaja, akaona, akarudi. Mzee akavaa tena miwani, akaanza kuzitazama moja moja kwa kikuzio chake, na kila akiiweka chini nilikuwa namwangalia midomo. Alitenga rupia upande. Alitenga pesa za Sultani upande. Mwisho akanambia, "Mia nane. Na hapo nimetia na huruma, kwa sababu ya mama yangu."

Jicho moja lilikuwa mia saba, kwa hesabu ya huku.

Nilitaka kumshika kanzu. Nilitaka kumwambia aongeze mia sita tu, jicho la pili. Lakini niliona mkono wake unavyozirudisha kwenye kitambaa, kama mtu anayemfunika mgonjwa, nikajua huyu hanidanganyi. Yeye hayumo kwenye orodha yangu.

Alinihesabia. Kisha akachukua ile ya T, peke yake, akaisukuma upande wangu wa meza.

"Hii siichukui. Nusu ya ile elfu mbili ilikuwa ni hii. Nikikaa nayo hivi ilivyo nitakuwa naumia kila nikifungua kabati. Rudi nayo kwenu."

Kwenye gari dereva aliona uso wangu kabla sijafunga mlango.

"Amelipa ngapi?"

"Uliambiwa nisizisafishe."

"Nani alisema?"

"Aliandika mara mbili. Nimeyaona."

"Ai, mathee! Message zilikuwa karibu hamsini. Mimi naangalia price, sisomi hadithi." Akapiga usukani. "Na kwani ni mimi nilizichapa polishi? Ni mimi? Elfu mbili umeimwagia dawa ya vyoo!"

"Ya shaba."

"Ya nini?"

"Ni dawa ya shaba. Si ya vyoo."

Halafu, mbele ya taa nyekundu, bila kunitazama, akasema, "Na chai yangu?"

Nikampa mia moja. Nilikuwa na kitambulisho kilichokwisha muda na nilihitaji kufikishwa nyumbani.

Jicho moja basi. Nilituma Jumamosi. Mdogo wangu akauliza jicho lipi, nikamwambia amuulize mwenyewe. Akanirudia: "Amesema la kulia. Ndilo la upande wa treni, alipokuwa anapita na birika."

Walimfanyia Jumatano. Kuhusu mimi, mudiri alifunga ofisi mwezi uliofuata, akaacha meza na kalenda. Tulizunguka kwenye malalamiko mpaka tukapewa ruhusa ya kuhamia kampuni nyingine, na mshahara wa miezi ile sijauona hadi leo. Sasa nafua mashuka. Mashuka hayana tochi.

Siku waliyomfungua bandeji nilipanda juu ya paa la nyumba yetu, kwenye kamba za nguo, ili niwe peke yangu. Video ikafunguka. Uso wa baba umejaa kwenye kioo, jicho moja limefumba, la kulia jekundu kidogo lakini liko wazi, linatembea, linanitafuta. Lilinipata.

"Mama," akaniita, maana nina jina la mama yake. "Umekonda."

Nilicheka huku nalia. Akaniambia rangi ya kanga yangu. Akaniambia nyuma yangu kuna shuka la maua. Akamwambia mdogo wangu ndevu hazimpendezi. Tukacheka wote watatu, na nikaanza kufikiri kwamba tumepona, kwamba itapita hivihivi. Kisha akasema, "Nishikie simu, nichukue kitu." Mdogo wangu aliishika.

Baba alirudi na kopo. Akakaa nalo mkekani, akafungua karatasi moja, akatoa washa ya baiskeli. Akaiweka mbele ya jicho lake jipya. Nikawa namwona baba yangu kupitia tundu la washa, ananitazama.

"Hii ni ya baiskeli," akasema.

Akaizungusha kwenye kidole.

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Ina grisi. Nikamwambia huyu mdogo wako, hizi si zangu. Akaniapia. Akasema, baba, ni zilezile, ni vidole vyako vimezeeka. Kila jioni nashika, kila jioni nasema si zangu, na yeye anasema ni zako. Nikaanza kusema labda kweli. Labda akili inaniacha, si macho tu. Nilianza kuogopa kufungua mdomo mbele ya watu." Akaishusha washa. "Sasa naona. Nani kazichukua?"

Nilikuwa nao wanne mdomoni, tayari, kwa mpangilio. Mudiri. Mwenye tochi. Dereva. Na wa tatu alikuwa ameshika simu hukohuko, nasikia anavyopumua. Baba hakuwa na haja nao. Alikuwa ananitazama mimi kwa jicho nililolinunua. Nikamtaja wa tano.

"Mimi, baba. Nimeziuza kwa ajili ya macho yako."

"Zote?"

"Moja ninayo." Nikaharakisha, nikaitoa kwenye pindo la kanga, nikaisogeza karibu na simu ili aone vizuri. Jua la huku lilikuwa kali, likaidaka yote. "Ile ya kwetu, baba. Ile ya T. Hii hapa, nimekuwekea."

Akasogea. Akalikaza jicho. Nikamwonyesha taji, kisha herufi, taratibu, ili aisome.

"Siyo."

"Ndiyo yenyewe, baba. Ona T."

"Yangu ilikuwa nyeusi." Akainua kiganja, akajikinga uso. "Iondoe hiyo, mama. Inaniumiza jicho."